Miale ya Usiku wa Manane, Ufa wa Mai Mahiu na Barua Nyingine za Mwezi Huu

Mwezi huu wengi wenu mmenitumia picha za skrini bila neno lolote, kama vile mimi ni kituo cha polisi na mmeleta kielelezo. Nawaomba mniandikie angalau mstari mmoja: wewe mwenyewe ulipousoma ujumbe ule, ni wapi ulipata mashaka? Hapo ndipo ninapopenda kuanzia. Zifuatazo ni barua zilizokuja na swali.

Shikamoo Dokta. Kila ikifika Julai grupu letu la ukoo hupokea ujumbe kwamba dunia inaingia "afelioni", jua linakwenda mbali kwa asilimia 66, na tutapata baridi, mafua na vifua hadi Agosti. Safari hii baba mkwe ameagiza watoto wasiende shule. Huku kwetu baridi ipo kweli. Nimwambie nini bila kumvunjia heshima? — Mama wawili, Mbeya

Marahaba. Kwanza, baba mkwe hajakosea kuhusu baridi. Mimi ni mtoto wa Makete, sihitaji kuelezwa Julai ni kitu gani. Kilichokosewa ni hesabu, na hesabu hizo mnaweza kuzifanya pamoja naye sebuleni.

Ujumbe wenyewe ninao, nimetumiwa na baba yangu mdogo kama ninavyotumiwa kila mwaka. Unasema kwa kawaida jua liko umbali wa dakika 5 za mwanga, yaani kilomita milioni 90, na wakati wa afelioni umbali unafika kilomita milioni 152. Chukua simu, fungua kikokotoo. Kutoka 90 hadi 152 ni ongezeko la 62. Gawanya kwa 90: unapata karibu asilimia 69, si 66. Aliyeutunga hakurudia hata hesabu yake mwenyewe. Halafu mwanga wa jua hautumii dakika 5 kutufikia, hutumia dakika 8 na sekunde kama 20, kwa sababu umbali wa wastani ni kilomita milioni 150.

Afelioni yenyewe ipo, na nadhani ndiyo maana ujumbe huu haufi. Njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili. Mwanzoni mwa Januari tunakuwa karibu zaidi, kilomita milioni 147 hivi, na mwanzoni mwa Julai tunakuwa mbali zaidi, milioni 152. Tofauti hiyo ni asilimia 3 na kitu. Inapunguza mwanga tunaopokea kwa asilimia kama 7 ukilinganisha na Januari, basi. Lakini kama kweli tungetoka milioni 90 hadi 152, joto la jua lingebaki theluthi moja tu, maana nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Hapo baba mkwe asingetaja mafua. Angetaja Ziwa Nyasa kuganda.

Baridi ya Mbeya ina sababu zake. Mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, na mwezi Juni na Julai Kizio cha Kusini kinakuwa kimelipa jua mgongo. Desemba, saa sita mchana, jua la Mbeya liko karibu na utosi, nyuzi kama 75 kutoka upeo wa macho. Juni linaishia nyuzi kama 58. Ongeza mwinuko wa mita 1,700 hivi, ongeza usiku usio na mawingu ambapo joto la ardhi linapanda juu bila kizuizi, ongeza upepo wa kusi. Watu wa pwani nao wanayo kipupwe yao miezi hiyohiyo, ila wao wana bahari ya kuwapunguzia makali.

Kuhusu heshima: usimpelekee hoja, mpelekee swali. "Baba, naomba unisaidie. Kama baridi inaletwa na jua kuwa mbali, mbona Julai hiihii Ulaya wanakwenda ufukweni? Si tuko dunia moja, na umbali ni mmoja?" Mwache alitafune. Mimi baba mdogo nilimtumia swali hilo kwa sauti, maana meseji ndefu hasomi. Alikaa kimya, kisha akanitumia ujumbe mwingine, wa vitunguu swaumu.

Watoto waende shule. Wavae sweta.

Assalaam alaykum. Mimi niko Muscat, mama yangu yuko Unguja. Ametumiwa taarifa kwamba usiku wa leo, saa 6:30 hadi saa 9:30, miale ya kozmiki kutoka sayari ya Mirihi itapita karibu na dunia, tuzime simu na tusilale nazo. Wamesema NASA na BBC wametangaza. Mimi nikiacha simu wazi anapiga kunigombeza. — Kijana wa Mwembetanga

Waalaykum salaam. Jibu unalo wewe mwenyewe kwa hapo ulipo: Muscat iko mbele ya Unguja kwa saa moja. Sasa hiyo saa 6:30 ni ya nani? Saa ya mama inapofika sita na nusu, yako ni saba na nusu. Tangazo linalohusu dunia nzima na halisemi ni saa za nchi gani, limeandikwa na mtu ambaye hajawahi kumpigia simu ndugu aliye nchi nyingine.

Miale ya kozmiki, yaani chembe zenye nguvu zinazotoka anga za mbali, ipo, ila haina usiku wake maalumu. Victor Hess, Mwaustria, aliithibitisha mwaka 1912 kwa kupanda na puto hadi zaidi ya mita 5,000 akiwa na vyombo vya kupimia mnururisho. Kadiri alivyopanda ndivyo vipimo vilivyoongezeka, kwa hiyo chanzo hakikuwa ardhini. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Miale hiyo ikigonga hewa ya juu huzaa chembe zinazoitwa myuoni, na hizo hushuka hadi huku tuliko. Nyoosha kiganja chako sasa hivi: kwa wastani inapita kama myuoni moja kila sekunde, usiku na mchana, simu ikiwa imewashwa au imezimwa. Imekuwa hivyo tangu kabla ya mama yako kuzaliwa, na Mirihi haihusiki.

Kitu pekee ambacho chembe hizi huweza kukifanyia kifaa chako ni kugeuza tarakimu moja ndani ya kumbukumbu yake, sifuri ikawa moja. Hutokea kwa nadra sana. Kisa ninachopenda kuwasimulia wanafunzi ni cha uchaguzi wa Ubelgiji mwaka 2003, katika manispaa ya Schaerbeek, ambako mgombea mmoja alikutwa na kura 4,096 za ziada zisizoelezeka. Namba hiyo ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 12, ndiyo maana wataalamu wakashuku tarakimu moja iligeuka ndani ya kompyuta, na chembe ya kozmiki ikawa mshukiwa. Haikuthibitishwa, maana mshukiwa wa aina hiyo haachi alama.

Mama ukimjibu, usianze na Hess. Anza na saa.

Daktari, kila mvua kubwa ikinyesha watu wanarudisha ile picha ya ufa wa Mai Mahiu na kusema Afrika inapasuka vipande viwili. Nina shamba upande wa Narok. Niuze? — Mkulima, Kenya

Usiuze kwa sababu hiyo. Picha ni ya kweli, ni ya Machi 2018, baada ya mvua kubwa. Ufa ulikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok na kuna familia zilizolazimika kuhama. Ila lile shimo kwa sehemu kubwa ni kazi ya maji. Udongo wa pale ni majivu ya volkano, mwepesi, na maji yakipata upenyo chini yake huubeba kimyakimya mpaka juu pakose mhimili. Wanajiolojia walibishana, wengine wakasema ufa wa zamani wa chini ndio ulioyapa maji njia, na mabishano yao yalikuwa na maana. Vichwa vya habari vilivyosema bara limekatika juzi usiku havikuwa nayo.

Bonde la Ufa linapanuka kweli, milimita chache kwa mwaka. Kucha zako zinakua haraka kuliko hivyo. Ukitaka kuona ardhi ikifunguka kwa haraka inabidi uende Afar, Ethiopia: Septemba 2005, ndani ya siku chache, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilijipenyeza kwenye mpasuko wa kilomita kama 60 karibu na volkano ya Dabbahu, na mahali pengine kingo zikaachana hadi mita 8. Hilo lilikuwa tukio la bara kupasuka, na picha zake hazisambai sana, labda kwa sababu hakuna lami iliyokatika.

Kabla ya kulima karibu na korongo, waulize wazee wa hapo maji ya mvua za zamani yalipita wapi. Hiyo ndiyo hatari yako.

Shikamoo Dokta. Mwalimu anatuambia tuamini makala za majarida yaliyohakikiwa, tusiamini ya mitandaoni. Je, jarida likikosea? Na mtaalamu akilikosoa kwenye ukurasa wake tu wa intaneti, inahesabika? — Kidato cha tano, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), Iringa

Marahaba mwanangu. Hili ndilo swali nililolifurahia kuliko yote, na nitalijibu kwa kisa kimoja kirefu, maana nilikifuata kila asubuhi kikiwa kinatokea, kwa bando la kuungaunga.

Mwishoni mwa Novemba 2010, NASA iliwaalika waandishi wa habari kusikia ugunduzi utakaogusa utafutaji wa uhai nje ya dunia. Sentensi hiyo moja ilitosha. Mtandaoni watu wakaanza kuwapangia viumbe wa anga za mbali vyumba vya wageni. Desemba 2 ikafika, kumbe habari ni ya bakteria wa Ziwa Mono, California, ziwa la magadi lenye aseniki nyingi. Kwenye jedwali la elementi, angalia fosforasi, kisha angalia chini yake: aseniki. Zinafanana tabia, na ndiyo maana aseniki ni sumu. Mwili huichukua ukidhani ni fosforasi. Makala iliyotoka kwenye jarida la Science, mwandishi wake wa kwanza akiwa Felisa Wolfe-Simon, ilidai bakteria huyo, aliyepewa jina GFAJ-1, akinyimwa fosforasi huweza kuitia aseniki mahali pake hata ndani ya DNA. Wewe wa PCB unajua uti wa DNA umeshikwa na fosfati. Lingekuwa jambo kubwa mno.

Siku mbili baadaye, Rosie Redfield, mtaalamu wa bakteria wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, akaandika kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, ambako alikuwa na kawaida ya kuandika mambo ya maabara yake. Akaipitia makala ile mstari kwa mstari. Alisema, kwa ufupi: chakula walichowakuzia bakteria, kilichoitwa hakina fosforasi, kilikuwa na mabaki ya kutosha kuwalisha, na DNA haikusafishwa ipasavyo, kwa hiyo aseniki iliyopimwa huenda ilikuwa imenata nje tu. Wanakemia nao wakaongeza: viungo vya aseniki vya aina hiyo huvunjika upesi ndani ya maji, ilhali DNA ile ilikuwa imewekwa kwenye maji na haikusambaratika.

Jibu la awali kutoka upande wa watafiti na NASA lilikuwa kwamba mjadala wa kisayansi unafanyika majaridani, si kwenye kurasa za mitandao. Yaani ni kama anavyosema mwalimu wako. Jibu lile liliniudhi wakati ule na linaniudhi hadi leo, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wameitisha kamera kabla wataalamu wengine hawajaisoma makala.

Lakini angalia alichofanya Redfield baadaye. Hakubaki kupiga kelele. Aliwaomba bakteria wenyewe, akapewa, akawakuza maabarani kwake, na akawa anaandika hadharani kila kilichotokea, pamoja na vipindi ambavyo bakteria waligoma kukua. Yeyote aliweza kusoma. DNA waliyoisafisha vizuri ikapimwa na wenzake wa Princeton. Aseniki hawakuiona. Julai 2012 matokeo yao yakatoka kwenye jarida lilelile la Science, sambamba na ya kundi jingine la Zurich lililoonyesha kwamba bakteria yule bado anahitaji fosforasi, kidogo tu, na ni hodari wa kuishi penye aseniki. Julai 2025 jarida likaiondoa makala ya kwanza kwenye orodha ya kazi inazozitambua. Halikusema kuna udanganyifu. Lilisema majaribio hayaungi mkono hitimisho. Waandishi walipinga uamuzi huo.

Kwa hiyo, jarida linaweza kukosea? Ndiyo, na wakati mwingine hukawia miaka 15 kuandika hivyo. Ukosoaji wa mtandaoni unahesabika? Ule wa Redfield ulihesabika kwa sababu alitaja ukurasa, mchoro, na kipimo kilichokosekana, halafu akaingia maabarani. Siku zilezile kulikuwa na maelfu ya maneno mengine mtandaoni, mengi yakimshambulia Wolfe-Simon mwenyewe badala ya kazi yake, na hayo hayakumsaidia mtu kujua lolote kuhusu fosforasi. Hilo nalo lilinisumbua. Alikuwa mtafiti kijana, na walioketi naye mbele ya kamera, pamoja na walioihakiki makala, walikuwa wakubwa zake.

Mwalimu wako usimbishie. Mwambie unataka kusoma makala zote tatu, ya 2010 na mbili za 2012, na umwombe akusaidie. Ukishindwa Kiingereza chake, anza na michoro.

Dokta, zile picha za darubini ya Webb ni rangi za kweli au wanapaka? — Mchora mabango, Tabora

Wanapaka, na wanasema wazi kwamba wanapaka. Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021, ikiwa na kioo kikuu cha upana wa mita 6.5, hutazama hasa infraredi, mwanga ambao jicho lako haliuoni kabisa. Hakuna "rangi ya kweli" ya kitu kisichoonekana. Wanachofanya ni kupanga: urefu wa wimbi ulio mkubwa unapewa nyekundu, ulio mdogo unapewa bluu, na wa kati rangi za kati. Wewe mwenye fani ya rangi utaelewa kwamba huo ni uamuzi wenye utaratibu, si uongo.

Uongo halisi, wa utani, ulifanywa na Mfaransa Étienne Klein, mwanafizikia anayeheshimika. Julai 31, 2022 aliweka mtandaoni picha ya duara jekundu lenye madoa meupe, akasema ni nyota Proxima Centauri, iliyo umbali wa miaka 4.2 ya mwanga, imepigwa na Webb, na tazameni ufundi wake. Ilikuwa kipande cha soseji ya Kihispania kwenye giza. Watu wakaisambaza kwa furaha, naye baadaye akaomba radhi na kueleza alitaka tujihadhari na maneno ya wenye vyeo. Baadhi ya wenzangu walikasirika. Mimi nilicheka sana, kisha nikaikuza picha kuangalia mafuta.

Binamu yangu yuko Winnipeg, Canada. Ametuma video akirusha maji ya moto hewani kwenye baridi ya chini ya sifuri nyuzi 30, yakawa wingu papo hapo. Akaandika: "Mpemba alikuwa sahihi." Ni kweli? — Dada wa Korogwe

Namshukuru binamu yako kwa kumkumbuka mtu wa kwetu, lakini video hiyo si ya Mpemba. Maji yanayochemka yakirushwa husambaratika kuwa matone madogo sana kuliko maji baridi, mengi yanageuka mvuke, na mvuke ukikutana na hewa ile unakuwa ukungu na chembe za barafu. Hewa baridi kiasi hicho haina nafasi ya kubeba unyevu.

La Erasto Mpemba, kwamba maji ya moto huweza kuganda kabla ya yale ya baridi, ni jingine. Mwaka 1963, akiwa Sekondari ya Magamba, huko kwenu mkoani Tanga, wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa. Nafasi kwenye friji zilikuwa chache, naye akaingiza yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, wanafunzi wenzake wakimcheka. Osborne aliahidi kujaribu, akajaribu, na mwaka 1969 wakaandika pamoja kwenye jarida la Physics Education.

Je, ni kweli kwa maji? Hapa wenzangu wa Tanzania huwa wananinunia, lakini jibu ni kwamba bado inabishaniwa. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu na hawakuuona ushahidi. Walionyesha pia kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo kunatosha kukupa matokeo ya uongo. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, hukohuko Canada, waliuonyesha mwenendo wa namna hiyo waziwazi, ila kwa chembe moja ndogo ya kioo, si kwa maji. Swali la kijana wa Magamba limewapa watu kazi zaidi ya nusu karne, na mimi sioni aibu kusema halijafungwa.

Binamu mwambie jambo moja la haraka: kabla hajarusha tena, aangalie upepo unatoka wapi. Januari 2019, baridi kali ilipoipiga Chicago, walikuwapo waliofikishwa hospitali wakiwa wameungua kwa maji yao wenyewe.